Tundu, Kisu na Wavu: Tuitibu Vipi Ngiri Katika Ukanda wa Dhahabu?

Mhadhara kwa umma, Shinyanga mjini

 Mmekuja kusikiliza habari ya ugonjwa ambao wanaume wengi hawautaji hata mbele ya wake zao.

Nimeombwa nijibu swali ninaloulizwa karibu kila siku ya kliniki. Mgonjwa anakaa, anafungua simu, ananionyesha video ya upasuaji unaofanywa kwa vijitundu vitatu na kamera, kisha anasema: "Daktari, mimi nataka hii. Ile ya kuchanwa siitaki." Swali lake ni la haki. Anauliza ipi inauma kidogo, ipi inadumu, ipi itamrudisha kazini mapema. Nimekuja kulinganisha njia hizo mbili, na sitaficha ninakoelekea. Kwa wagonjwa wengi wa ukanda huu wa dhahabu, njia inayofaa ni upasuaji wa wazi unaowekwa wavu, ukifanywa mapema, karibu na nyumbani, kwa ganzi ya mahali penye ngiri peke yake. Upasuaji wa matundu una nafasi yake ya kweli, nami nitaieleza.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Wengine wanasema ngiri, wengine mshipa, hospitali tunasema pia henia. Ukuta wa tumbo ni tabaka za misuli na nyama ngumu. Kwenye kinena una upenyo wa asili, ambao korodani zilipitia kushuka wakati mtoto yuko tumboni mwa mama yake. Upenyo huo ukilegea au ukibaki wazi, utumbo au mafuta ya tumbo yanasukumwa nje. Ukikohoa, uvimbe unatokeza. Ukilala chali, mara nyingi unarudi ndani. Busha ni kitu kingine: ni maji yaliyojaa kwenye mfuko wa korodani, wala hayarudi tumboni ukilala. Nimepokea watu waliotibiwa busha miaka miwili kumbe wana ngiri, na wengine kinyume chake.

Tena naomba niliseme hili wazi, kwa kuwa naona wazee wananitazama. Ngiri haitokani na zinaa. Si mkosi wa ukoo. Na hakuna dawa ya kunywa, ya hospitali wala ya mitishamba, inayoweza kuziba tundu la misuli. Vijana wa machimboni wananielewa haraka nikisema hivi: kiroba kikitoboka, hukizibi kwa kubadilisha mawe yaliyomo. Unakishona.

Hoja ya kwanza: ngiri zetu zinafika hospitali zikiwa zimechelewa.

Hapa sizungumzi kwa hisia. Mwaka 2012 madaktari wa Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda yetu ya Ziwa pale Mwanza, walichapisha taarifa ya wagonjwa 452 wa ngiri ya kinena waliowatibu. Kwa kila mwanamke mmoja walikuwapo wanaume karibu 37. Karibu nusu yao, asilimia 44.7, walikuwa wameishi na ngiri zaidi ya miaka mitano. Wagonjwa 84 walifika utumbo umekwama, na wengine 50 ukiwa umenyongwa, yaani damu haipiti tena. Asilimia 15.9 ilibidi wakatwe kipande cha utumbo. Asilimia 9.7 walifariki.

Nawaomba msiipite haraka tarakimu hiyo ya mwisho. Ngiri ikifanyiwa kazi mapema, kwa mtu mwenye afya, kifo ni jambo adimu sana. Ni kweli kwamba hospitali ya rufaa hupokea waliozidiwa, kwa hiyo tarakimu hizo haziwahusu wote wenye ngiri vijijini. Lakini wale waliofariki walikuwa watu wetu, na wengi wa waliozidiwa walipita kwanza kwenye kipindi cha miaka ambacho kazi ya saa moja ingemaliza jambo.

Kwa nini tunachelewa? Nitawasimulia juu ya mgonjwa mmoja, bila kumtaja. Alikuwa mchimbaji, umri wa miaka thelathini na kitu. Alipovua suruali nilikuta amejifunga kiunoni na kinenani kwa kipande cha mpira wa tairi la baiskeli, kimekaza mpaka kimeacha alama nyeusi kwenye ngozi. Kwa mpira huo alishuka duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, kila siku kwa miaka minne. Anashika kamba, anatanguliza miguu kwenye matimba, yaani magogo yanayoshikilia kuta za shimo, na akifika chini anausukuma uvimbe ndani kwa kiganja kabla hajaanza kugonga mwamba. Nilipomuuliza kwa nini hakuja, hakusema anaogopa kisu. Alisema duara lao lilikuwa karibu kufika kwenye mawe yenye dhahabu, na aliyelala kitandani siku ya mgao hapati kiroba.

Kuna mengine. Kazi ya kunyanyua na kubeba inaongeza msukumo ndani ya tumbo, na utafiti umeihusisha na aina fulani ya ngiri ya kinena. Halafu kuna vumbi. Anayesimama kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, mchana kutwa bila kujikinga anavuta vumbi la mwamba, mapafu yanaharibika, kifua kikuu kinapata njia, na kikohozi cha miezi kinasukuma tundu lilelile. Kwa hiyo anayekuja kwangu na ngiri na kikohozi namtibu kifua kwanza, iwapo ngiri yake haijakwama. Nikishona bila kutibu kikohozi, nimeshona mara moja na atakohoa mara elfu.

Hoja ya pili: tujue kinachofanyika ndani.

Upasuaji wa wazi mtu anaweza kufanyiwa huku akizungumza nami. Ninachoma ganzi tabaka kwa tabaka, nachana ngozi ya kinena kiasi cha urefu wa kidole, nafika kwenye upenyo. Naukuta mshipa wa mbegu, na pembeni yake kifuko cha ngiri. Nakitenganisha, nakirudisha ndani. Kisha nachukua wavu mwembamba, takriban sentimita 7 kwa 15, nauchana upande mmoja ili mshipa wa mbegu upite katikati, nautandaza juu ya ukuta dhaifu na kuushikiza kwa nyuzi. Halafu namwambia mgonjwa: "Kohoa." Anakohoa, nami natazama kwa macho yangu kama ukuta unashika. Ninaipenda sana dakika hiyo. Mwenye ngiri mwenyewe ndiye anayekagua kazi.

Njia ya wavu ilienezwa na Irving Lichtenstein na wenzake wa Los Angeles katika miaka ya 1980. Kabla yake, tangu Edoardo Bassini wa Padua, Italia, katika miaka ya 1880, madaktari walikuwa wakivuta misuli ya pande mbili na kuishona pamoja. Kushona hivyo kuliokoa watu wengi. Ila nyama iliyovutwa kwa nguvu ina kawaida ya kuachia, kama shati linalobana linavyoachia vifungo. Katika wale 452 wa Bugando, karibu wanne kati ya watano walishonwa kwa namna hiyo ya Bassini. Aliyewekewa wavu alikuwa mmoja tu.

Upasuaji wa matundu unaifikia ngiri kwa nyuma, kutoka ndani. Mgonjwa analazwa kwa usingizi kamili, ule tunaouita nusu kaputi. Kitundu kinatobolewa karibu na kitovu, hewa ya kaboni dayoksaidi inaingizwa ili kupata nafasi, kisha inaingia kamera na vyombo vyembamba kupitia vitundu vingine viwili. Daktari anatazama skrini, si mikono yake. Kuna namna mbili: moja inapita ndani ya tumbo lenyewe, nyingine inapita kati ya misuli na utando wa tumbo bila kuutoboa. Wavu unaowekwa ni mpana zaidi, kama sentimita 10 kwa 15, na unakaa nyuma ya tundu, upande unaotoka msukumo. Kihandisi ni wazo zuri sana. Anayetaka kuzuia maji yasipenye kwenye ukuta wa bwawa huweka kizuizi upande wa maji.

Dada yangu kule kulia ameinua mkono. Anauliza: je, kama umeme utakatika katikati? Swali zuri. Kwenye upasuaji wa wazi, muuguzi anashika tochi tunamalizia. Kwenye upasuaji wa matundu, skrini ikizimika daktari hana macho, na mashine inayopuliza hewa inasimama. Ama jenereta liwake mara moja, ama tufungue.

Hoja ya tatu: faida za matundu ni za kweli, lakini zinategemea mkono.

Mwaka 2004 ulichapishwa Marekani utafiti mkubwa uliofanyika katika hospitali 14 za wanajeshi wastaafu. Wanaume karibu 2,000 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wazi na wavu, wengine matundu na wavu. Wa matundu walipata maumivu machache kuliko wenzao siku ya upasuaji na baada ya wiki mbili, na walirudi kwenye shughuli zao siku moja mapema. Siku moja. Baada ya miaka miwili, ngiri za kinena zilikuwa zimerudi kwa asilimia 10.1 ya waliofanyiwa kwa matundu, na asilimia 4.9 ya waliofanyiwa kwa wazi.

Msikimbilie kuhukumu. Walipotazama madaktari waliokuwa wamekwisha kufanya zaidi ya upasuaji 250 wa matundu, tofauti ile ilitoweka. Ngiri zao zilirudi kwa kiasi karibu kilekile cha upasuaji wa wazi. Maana yake ni kwamba chombo si kibaya. Kinadai mazoezi mengi. Sasa piga hesabu: daktari wa hospitali ya wilaya anayefanya ngiri tatu kwa mwezi atahitaji karibu miaka saba kufika 250, akiwa anajifunzia juu ya wagonjwa wake. Mimi simtakii mchimbaji wa Nyarugusu, Geita, awe wa arobaini kwenye safari hiyo, kama kuna njia ambayo daktari yuleyule ameizoea.

Mwongozo wa kimataifa wa ngiri uliotolewa mwaka 2018 unakubali njia zote mbili na kusisitiza wavu kwa watu wazima. Ipo mahali ambapo mimi mwenyewe ningempeleka ndugu yangu kwa matundu bila kusita, akimpata daktari aliyezoea. Mwenye ngiri pande zote mbili: kwa vitundu vilevile vitatu zinazibwa zote. Mwenye ngiri iliyorudi baada ya kufanyiwa kwa wazi: kwa mbele kuna makovu, mishipa imegandana, na kupita nyuma ni kupita kwenye ardhi ambayo haijachimbwa. Na mwanamke, kwa sababu kwake uvimbe wa kinena wakati mwingine kumbe ni ngiri ya chini zaidi, ya kwenye paja, ambayo kutoka ndani inaonekana na kutoka nje inaweza kukupita. Mama zangu, hili la mwisho ni lenu. Ngiri za wanawake ni chache, lakini ile ya paja ina tabia ya kunyonga utumbo upesi.

Hoja ya nne: tatizo letu kubwa ni wavu, na wavu una jibu.

Wavu wa kiwandani umekuwa ghali kiasi kwamba hospitali nyingi za vijijini ziliuona kama kitu cha mijini. Jirani zetu wa Uganda walilishughulikia jambo hili. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa wanaume 302 wa mashariki ya Uganda. Nusu waliwekewa wavu wa kiwandani wa takriban dola 125. Nusu waliwekewa wavu wa nyuzi za plastiki wa aina inayotumika kutengenezea vyandarua, uliosafishwa na kuuliwa vijidudu kwa mvuke, wa takriban dola 1. Baada ya mwaka, katika kundi la wavu wa bei rahisi ngiri ilirudi kwa mtu mmoja; katika lile lingine, hakuna. Maambukizi na maumivu hayakutofautiana kwa kiasi cha kutia wasiwasi.

Naomba nieleweke vizuri hapa, maana maneno ya ukumbini hufika sokoni yamebadilika. Sisemi mtu akate chandarua cha kitandani chenye dawa akipeleke thieta. Nyuzi lazima zijulikane ni za aina gani, zisafishwe kwa kipimo, na mamlaka zetu zikague na kuruhusu. Nasema ujuzi huo uko jirani, umepimwa kwa uaminifu, na unatupa sababu ya kudai wavu wa bei nafuu katika kila hospitali ya wilaya, kuanzia Kahama hadi Bukombe.

Hoja ya tano ni fupi: nani afanye.

Nchini Sierra Leone walilinganisha ngiri zilizowekewa wavu na madaktari na zile zilizowekewa na matabibu wasio na shahada ya udaktari lakini waliofunzwa upasuaji. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: baada ya mwaka mmoja, kazi za wale matabibu zilirudi kwa asilimia 0.9, za madaktari kwa asilimia 6.9. Tanzania tunalo somo hilo siku nyingi. Madaktari wasaidizi wetu, ambao mafunzo yao yalianza mwaka 1963, ndio waliobeba upasuaji wa wilaya kwa miongo. Wengi wanastaafu sasa. Kabla hawajaenda, wawafundishe vijana kazi hii ya ngiri.

Kuna rafiki yangu, msomi, aliyeniambia kabla hatujaingia hapa: mbona huko Ulaya na Marekani ngiri isiyouma wanaiacha tu wanaitazama? Ni kweli. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2006 ulifuatilia wanaume 720 wenye ngiri isiyowasumbua sana, na miongoni mwa waliosubiri bila upasuaji, waliokwama ghafla walikuwa chini ya wawili kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Lakini yule anayetazamwa kule, ngiri ikikwama saa mbili usiku, saa tatu yuko mezani. Wetu anaanza kwa bodaboda kutoka machimboni mpaka barabara kuu, anatafuta gari, anatafuta nauli. Kwa miaka mingi wagonjwa wa Geita waliopewa rufaa Mwanza walisubiri kivuko cha Kigongo na Busisi. Daraja la hapo lilifunguliwa mwaka 2025, na limeondoa saa za kusubiri kivuko. Njia ya kutoka duarani mpaka lami bado ipo.

Nimekuwa kwenye mwisho wa njia hiyo usiku. Unafungua, utumbo uliokuwa umenyongwa unatoka mweusi, baridi, hauna mng'ao. Unaufungua ulipobanwa, unaufunika kwa kitambaa cha gozi kilicholowa maji ya chumvi ya uvuguvugu, na unasubiri. Hakuna anayezungumza. Unatazama saa ya ukutani. Dakika kumi baadaye unainua gozi. Ukiona wekundu unarejea na utumbo unajikunja wenyewe, chumba kizima kinavuta pumzi. Usipouona, unakata. Usiku kama huo hakuna anayeuliza kama ni tundu au kisu.

Tunakokwenda, basi. Kwa miaka michache ijayo ningependa kuona mambo haya hapa kwetu. Hospitali za wilaya zifanye ngiri kwa ganzi ya mahali, kwa wavu, siku maalumu kila wiki, mgonjwa arudi nyumbani jioni. Katika taarifa ile ya Bugando, ganzi ya namna hiyo ilitumika kwa asilimia 1.1 tu, na muda wa katikati wa kulazwa ulikuwa siku nane. Siku hizo nane ni kitanda na ni riziki ya mtu. Upasuaji wa matundu ujengwe Bugando na kwenye hospitali ya kanda ya Chato, ambako wagonjwa watakuwa wengi wa kutosha mikono ipate mazoezi, na madaktari wetu wa Shinyanga na Geita waende kujifunza kwa zamu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Vyama vya wachimbaji wadogo viweke wanachama wao humo kama vinavyonunua kamba na matimba. Na wenye maduara, nawaomba kwa heshima: anayekwenda kutibiwa ngiri asipoteze mgao wake. Mkiandika hilo kwenye makubaliano yenu ya kazi, mtakuwa mmefanya zaidi ya mashine nyingi.

Vijana wataniuliza watarudi lini duarani. Mwongozo wa kimataifa unasema rudi kwenye shughuli zako pindi maumivu yanapokuruhusu. Kutembea, kuuza dukani, kuendesha pikipiki polepole, hayo ni ya siku chache hadi wiki moja au mbili. Lakini waandishi wa mwongozo ule hawakumfikiria mtu anayepanda kamba mita thelathini na kiroba mgongoni. Kwa kazi hiyo mimi naomba wiki sita.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza muda niliopewa. Mimi na wenzangu wawili tutabaki hapa mpaka saa kumi na mbili jioni, kwenye chumba cha nyuma ya jukwaa. Mlango una pazia, hakuna anayeandika majina nje, na kuna mlango wa pili wa kutokea uwanjani. Yeyote mwenye uvimbe anaousukuma ndani kwa kiganja kila asubuhi, aje tumtazame leo. Tuna kalenda ya upasuaji ya wiki ijayo mezani, na nafasi zipo.